Kutoka Singida hadi Msasani na boksi la santuri: safari ya kusikiliza vyombo vya muziki wa nyumbani

Maelezo haya nimeyaandika baada ya kurudi nyumbani, kwa msaada wa daftari dogo nililokuwa nalo mfukoni na picha zilizobaki kwenye simu. Kwa wasiowahi kusikia habari za maonyesho ya aina hii, ni mkusanyiko ambamo wauzaji na wapenzi wa vyombo vya muziki vya hali ya juu hukodi vyumba, hufunga spika, amplifaya na vicheza santuri vyao, kisha huwakaribisha watu wakae na kusikiliza. Yanayojulikana zaidi duniani ni yale yaitwayo High End, yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 1982, yakakaa Munich kuanzia 2004 hadi 2025, na kuhamia Vienna mwaka 2026. Haya ya Dar es Salaam yalikuwa madogo, ya vyumba vichache vya hoteli moja ya Msasani, Jumamosi na Jumapili, yakiandaliwa na wauzaji wachache pamoja na watu binafsi waliokubali kuleta vyombo vyao vya nyumbani.

Sikwenda kununua. Nilikwenda na santuri za dansi za mizunguko 45 alizoniachia baba mdogo, nikiwa na nia ya kuzisikia Cuban Marimba, Morogoro Jazz na NUTA Jazz zikipigwa na mashine ambazo kwa kawaida hutumiwa kupiga muziki wa mbali. Nimekua nikizisikia bendi hizi kwenye redio za mbao na spika zilizopasuka, na kwa muda mrefu nimeamini kwamba kilichokuwa duni ni chombo, wala si muziki.

Alhamisi: Singida, Dodoma, Dar es Salaam

Basi liliondoka Singida saa 12 asubuhi, nauli shilingi 15,000. Kondakta alitaka boksi liingie kwenye buti, nikamweleza kwamba santuri ikilaliwa na magunia ya vitunguu katika joto lile itapinda, na ikishapinda haitengenezeki vizuri. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva, akiwa na dumu la mafuta ya alizeti na kuku ndani ya tenga, alisogeza mzigo wake wote upande mmoja na kusema, "Liweke hapa, mwanangu, nitalishika mimi kwenye matuta." Alilishika kweli, hadi Manyoni aliposhuka.

Anayesafiri na santuri azisimamishe wima, zibanane kiasi cha kutocheza, na asiziache karibu na dirisha lenye jua. Zikilazwa chali zikiwa nyingi, za chini hubeba uzito wote na hupinda kwanza.

Kabla ya kufika Manyoni tairi la nyuma lilipasuka, na la akiba lilikuwa halina upepo. Tulikaa chini ya mibuyu karibu saa mbili. Aliyetuokoa ni dereva wa lori lililokuwa likielekea Mwanza, ambaye alisimama bila kupungiwa mkono, akachomoa mpira kwenye tangi la hewa la breki zake, akajaza tairi letu, akakataa hata soda. Manyoni nilikula chapati na supu ya kuku wa kienyeji kwa shilingi 6,000, nayo ilistahili kila senti. Baada ya hapo barabara huteremka Bonde la Ufa kuelekea Kintinku, na Bahi mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji pande zote mbili.

Dodoma nilifika nikiwa bado na nafasi ya kuwahi treni ya jioni. Tiketi ya SGR ya daraja la kawaida hadi Dar es Salaam niliinunua kwa simu siku chache kabla, shilingi 31,000. Kitambulisho kinahitajika, na ni vyema kufika stesheni saa mbili kabla ya safari kwa sababu foleni ya ukaguzi wa mizigo ni ndefu. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alikuwa na kanda za kaseti za harusi ya wazazi wake na aliogopa kwamba mashine ya ukaguzi ingezifuta. Miale ya eksirei haifuti kanda. Kinachofuta kanda ni sumaku, kwa hiyo mtu aziweke mbali na spika kubwa na injini za umeme, na aende kwa amani. Mahandaki ya milima ya Kilosa tuliyapita giza likiingia, kisha nikalala hadi mwisho wa safari.

Kutoka stesheni nilitembea hadi kituo cha mwendokasi cha Gerezani na kupanda basi la kwenda Magomeni kwa shilingi 750. Lilijaa, lakini msichana mmoja mwenye sare za hospitali alinyanyuka ili boksi likae kwenye kiti, yeye akasimama hadi mwisho wa safari yangu. Shangazi alikuwa hajalala. Baada ya shikamoo na marahaba nilikuta wali wa nazi, kibua wa kukaanga na mchicha vimefunikwa mezani, na swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa kama bado ninazo santuri za mdogo wake.

Ijumaa: Kariakoo

Siku hii niliitenga kwa ajili ya mafundi. Kuna mtu aliyetangaza kwamba angeleta kwenye maonyesho kicheza santuri kilichotoka Marekani, cha bei ya kuvutia, na nilitaka ushauri kabla ya kukiona, kwa sababu ninajijua ninavyolegea mbele ya mbao iliyong'arishwa. Fundi niliyemfuata ana kibanda karibu na Mtaa wa Msimbazi, kimejaa redio za zamani hadi darini. Nilimwonyesha picha ya kibao cha nyuma ya mashine: volti 120, hezi 60.

Alinieleza kwa utulivu, huku akiendelea kuunganisha waya wa mteja mwingine. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Volti unaweza kuzishusha kwa transfoma ndogo ya dukani, lakini transfoma haibadilishi hezi hata moja, na mota ya aina ile hufuata hezi za umeme bila hiari. Kwa hiyo santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ingezunguka mara 27.8 hivi, na mwimbaji yeyote angesikika mgonjwa. Baadhi ya mashine hurekebishwa kwa kubadilisha gurudumu dogo la mkanda, nyingine haziwezekani kabisa. "Usinunue mpaka ugeuze nyuma usome," aliniambia. Nilimlipa shilingi 12,000 kwa waya za kuunganishia na brashi ya sindano, lakini ushauri alikataa kuuza, na juu yake akanipa karatasi ya duara iliyochapwa mistari myeusi na myeupe.

Karatasi hiyo inastahili maelezo, kwa kuwa yeyote mwenye kicheza santuri anaweza kuichapa mwenyewe. Taa inayotumia umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Ukiweka juu ya sahani duara lenye mistari 180 na sahani ikazunguka kwa kasi sahihi ya 33 na theluthi, mistari huonekana imesimama. Ikitambaa mbele, mashine inakimbia. Ikitambaa nyuma, inachelewa. Taa nyingi za kisasa za LED hazipepesi vya kutosha, kwa hiyo tafuta balbu ya zamani au tyubu.

Mchana nilikula kwa mama lishe wa Kariakoo, ugali na dagaa kwa shilingi 3,000, na kurudi Magomeni kabla foleni ya jioni haijaanza.

Jumamosi: Msasani

Mwendokasi hadi kituo cha Morocco, kisha daladala za Masaki kwa shilingi 600, kisha miguu. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000, na mlangoni waliniuliza boksi lina nini kwa wasiwasi hadi nilipolifungua.

Chumba cha kwanza kilikuwa na spika za Klipschorn, kubwa kama kabati, ambazo Paul Klipsch alizibuni Marekani katika miaka ya 1940 na kuanzisha kampuni yake mwaka 1946. Hukaa kwenye kona za chumba na si kwingineko, maana kuta mbili zinazokutana ndizo zinazomalizia bomba linalopanuka la besi, lililokunjwa ndani ya sanduku. Zilikuwa zinasukumwa na amplifaya ya vali za 300B, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, yenye uwezo wa wati 8 hivi. Mtu aliyezoea sabufa za wati mia kadhaa za madukani angecheka, lakini sauti ilijaza chumba hadi kwenye ukumbi wa nje. Mwenyeji alinifafanulia hesabu, nami naiweka hapa kwa sababu wauzaji wengi hawaisemi: spika ile, kwa mujibu wa mtengenezaji, hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 105 kwa wati 1 tu. Chumba kilichofuata kilikuwa na LS3/5a, spika ndogo iliyobuniwa na BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje ambamo hakuna nafasi, nayo hutoa desibeli 83 hivi kwa wati hiyo hiyo. Tofauti ni desibeli 22, na kila desibeli 3 zinahitaji nguvu maradufu, kwa hiyo ili ile ndogo ifikie pale ilipo kubwa ikiwa na wati 1 ingehitaji zaidi ya wati 150, kiasi ambacho isingekistahimili. Namba ya wati iliyoandikwa kwenye amplifaya haina maana mpaka ujue inasukuma spika gani.

Hata hivyo ni zile LS3/5a zilizonifanya nikae. Mwenyeji, dada mmoja mhandisi wa umeme, alikubali kuweka santuri yangu ya Morogoro Jazz bila kusita, akaomba tu aifute kwanza. Santuri zangu ni za mono, na huo ndio mtihani mzuri kuliko diski zote za majaribio: sauti moja inatoka katika spika mbili, kwa hiyo mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa, hewani, mahali pasipo na spika yoyote. Akielemea upande, ama spika hazilingani, ama ukuta wa upande mmoja unarudisha sauti kuliko mwingine. Alisimama katikati. Nilisikia gitaa la rizimu ambalo kwa miaka yote nilidhani ni mkwaruzo, na nilisikia mpiga saksafoni akivuta pumzi kabla ya kuingia. Machozi yalinilenga na sikuyaficha. Baba mdogo alikuwa akisema kila mara kwamba kuna mtu wa tatu katika magitaa, na sisi watoto tulikuwa tukimbishia.

Chumba cha gharama kubwa kuliko vyote nitakieleza kwa ufupi. Bei ya jozi ya spika pale ilizidi ya nyumba za mtaani kwetu, waya zilikuwa nene kama mkono wa mtoto, na waliokuwepo walipiga nyimbo zao walizozichagua, kwa mpangilio wao, wakakataa santuri ya mgeni yeyote. Sauti ilipendeza. Lakini sikuweza kujua lolote kuhusu mashine zile, kwa sababu wimbo nisioujua hauwezi kunionyesha kilichoongezwa wala kilichopotea, na kwa maoni yangu chumba kisichokubali wimbo wa msikilizaji kinaonyesha bei tu. Atakayekwenda abebe wimbo anaoujua hadi kikohozi cha mpiga ngoma, na aombe upigwe katika kila chumba.

Jambo jingine la vyumba: hoteli ni mahali pagumu kwa besi. Chumba chenye urefu wa mita 5 na kuta ngumu hukuza sauti za karibu hezi 35, kwa kuwa wimbi lenye urefu mara mbili ya huo huenda na kurudi kati ya kuta na kujijazia lenyewe, hivyo noti moja ya besi hunguruma na nyingine hupotea. Waonyeshaji wazoefu walikuwa wamesimamisha magodoro ya hoteli kwenye kona na kuvuta spika mbali na ukuta. Viyoyozi vilizimwa kila wimbo ulipoanza, kwa sababu mvumo wake hufunika sauti ndogo, na viliwashwa tena wimbo ulipoisha. Vaeni nguo nyepesi.

Kahawa ya hotelini ilikuwa shilingi 8,000. Nilikwenda kwa miguu hadi Namanga ya hapo Msasani nikala wali, maharage na samaki kwa shilingi 4,000, nikarudi.

Alasiri umeme ulikatika. Nilikuwa chumba ambacho vicheza santuri viwili viliwekwa bega kwa bega kwa ajili ya kulinganishwa, Thorens TD 160 yenye mkanda na mota inayofuata hezi za umeme, na Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979 na kuendelea, ambayo kasi yake hutawaliwa na fuwele ya kwazi ndani ya mashine, si hezi za umeme. Jenereta iliwaka, viyoyozi vya hoteli nzima vikaipanda mgongoni kwa pamoja, na muziki ukarudi. Wengi tuliendelea kusikiliza Thorens bila kushtuka. Mzee mmoja aliyekaa nyuma, aliyefanya kazi ya ufundi wa sauti redioni kwa miaka mingi, aliinua mkono na kusema, "Huyu kijana ameshuka karibu nusu toni."

Nilitoa ile karatasi ya mistari na kuiweka juu ya sahani chini ya balbu ya mezani. Mistari ilisimama tuli, kasi sahihi kabisa. Mzee alitabasamu na kuniomba nifikiri. Balbu na mota zilikuwa zikila umeme ule ule wa jenereta, kwa hiyo zilichelewa kwa pamoja, na karatasi isingeweza kuona kitu. Alichomeka mita yake kwenye soketi, ikasoma hezi 48. Kwa kasi hiyo wimbo wa dakika 4 huongezeka sekunde 10. Tulihamishia santuri kwenye Technics na mwimbaji akarudi mahali pake, ingawa karatasi yangu sasa, chini ya balbu ile ile, ilionyesha kwamba Technics ndiyo inayokimbia. Sikio la mzee lilikuwa sahihi kuliko kipimo changu, na fundi wa Kariakoo akawa amethibitishwa mbele ya chumba kizima. Yule mwenye mashine ya hezi 60 alikuwepo pia. Alishukuru na kuondoa tangazo lake.

Wenye jenereta nyumbani, na ni wengi, watafute kicheza santuri chenye kwazi au chenye mota ya umeme wa moja kwa moja, DC, inayodhibitiwa ndani. Stabilaiza ya kawaida hurekebisha volti lakini haigusi hezi.

Kabla ya kuondoka tulizungumza na waandaaji, yule dada mhandisi, mzee na mimi, tukaomba chumba kimoja kwa saa chache za Jumapili kwa ajili ya santuri za dansi peke yake. Walikubali mara moja.

Jumapili: Ilala, Msasani, Coco

Asubuhi mzee alinialika kwake Ilala tuzisafishe santuri kabla ya kuzipiga. Mke wake alitupatia chai ya tangawizi na vitumbua, kisha tukaketi uani na beseni. Njia yake ni rahisi: maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, kwa kuwa hayana chumvi wala chokaa, matone machache ya sabuni ya vyombo, na brashi laini inayofuata mzunguko wa mifereji bila kukatiza. Lebo hufunikwa isilowe. Baada ya hapo santuri husuuzwa kwa maji hayo hayo na kukaushwa kivulini. Soma chupa kwa makini, kwa sababu tindikali ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Na kwa mwenye santuri nzito za zamani za mizunguko 78, spiriti isiguse kabisa, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa shelaki na spiriti huiyeyusha.

Ukungu ndio adui wa Dar es Salaam, alisema, pamoja na chumvi ya bahari. Sponji za pembeni mwa wufa, yaani spika ya besi, hugeuka unga kwa miaka michache, ilhali zile za mpira hudumu, na ndiyo sababu anamshauri kila mnunuzi wa spika kuukuu abonyeze ukingo kwa kidole kabla ya kutoa fedha. Jambo hili nilililinganisha baadaye na maneno ya mwenye spika za Quad ESL, zile zilizoingia sokoni mwaka 1957, ambazo hazina koni bali utando mwembamba unaovutwa na kusukumwa na umeme wa maelfu ya volti. Yeye huzifunika kitambaa na kuzihifadhi katika chumba kikavu mwaka mzima, kwa sababu vumbi na unyevunyevu huufanya umeme ule ucheche. Sauti ya mwanamke kupitia spika zile ni kitu ambacho bado ninakisikia, lakini ni chombo cha mtu mwenye subira na chumba kikubwa, maana hutoa sauti nyuma sawa na mbele na hazitaki ukuta karibu.

Saa 9 alasiri chumba chetu kilifunguliwa. Dada mhandisi alileta LS3/5a zake na Technics ikahamishwa. Nilikuwa na vizibo vya katikati kwa ajili ya santuri zenye tundu kubwa, na ninamshauri kila mtu abebe vyake, kwani chumba kizima hakikuwa na kingine. Tulianza na Cuban Marimba, tukaenda NUTA Jazz, tukaenda Morogoro Jazz, na kila wimbo uliogawanywa pande mbili, kama zilivyokuwa nyingi za wakati ule, tulisubiri kimya santuri igeuzwe ili chemko, ile sehemu ya kuchangamka, lianze. Viti viliisha. Wahudumu wa hoteli walisimama mlangoni na trei zao, mlinzi wa getini alipanda juu, akaimba kiitikio chote cha upande wa pili bila kukosea neno, na mtu mmoja aliyekuja kutafuta spika za chini ya televisheni alikaa sakafuni hadi mwisho. Mwenye chumba cha gharama kubwa alikuja pia. Aliomba santuri moja kwa heshima, akaenda nayo kwake, na tuliokuwa karibu tukamfuata. Katika spika zile gitaa la tatu lilikuwa wazi zaidi, na napenda kuandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kwa wanaofikiria kununua, niliuliza namna bei zinavyojengwa. Juu ya bei ya kiwandani huja usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na spika kubwa hulipiwa usafiri wake kwa ukubwa wa boksi. Ndiyo maana waliokuwepo wengi walijenga mifumo yao kwa vitu vilivyotumika na mikono ya mafundi wa hapa hapa.

Jioni tulikwenda Coco Beach kula mihogo ya kukaanga na kachumbari, mzee akalipa kabla sijafungua pochi, na mazungumzo yalikuwa ya maikrofoni tu: namna bendi nzima ilivyopangwa katika studio, wapiga tarumbeta wakirudishwa nyuma hatua kadhaa na mwimbaji akisogezwa mbele, ili usawa upatikane kwa miguu ya watu kabla ya kupatikana kwa vitufe.

Jumatatu na Jumanne: kurudi

Treni ya asubuhi, kisha Dodoma, kisha basi la Singida lililofika usiku bila tukio. Shangazi alinifungia kashata na kuniagiza niache santuri moja kwake, niliiacha.

Jumanne nilipima sebule yangu kwa futi kamba. Ina urefu wa mita 4.2, sakafu ya saruji, kwa hiyo mlipuko wake wa besi unapaswa kuwa karibu na hezi 41, na kweli ndipo noti moja ya gitaa la besi ilipokuwa ikinguruma siku zote. Nilizivuta spika sentimita 70 kutoka ukutani, nikasogeza kochi lisigusane na ukuta wa nyuma, nikasimamisha godoro la zamani kwenye kona moja. Mngurumo umepungua sana bila kununua chochote. Mwimbaji bado anaelemea kushoto kidogo, kwa sababu upande huo kuna ukuta na kulia kuna mlango ulio wazi. Fundi seremala atakuja wiki hii kunitengenezea rafu ya vitabu ya kuweka upande wa ukuta.

Lebo zote za santuri nimezipiga picha na kumtumia mzee, kama alivyoniomba. Amejibu kwamba kuna mbili ambazo hajawahi kuzisikia zikipigwa redioni, na ameomba zirekodiwe vizuri kwenye kompyuta kabla hazijasafirishwa tena. Dada mhandisi amejitolea kunitumia kifaa cha kurekodia kwa basi, na nimeshawapa wakala wa Dodoma namba yangu ya simu.